Thelathini na Sita Mara Tatu

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
Jumamosi, baada ya alasiri

Kwako mpwa wangu Rehema,

Tumesalimiana asubuhi, wewe ukasema shikamoo mjomba, mimi nikasema marahaba, kwa hiyo yale ya hali yangu ni njema, hofu ni kwako uliye mbali, hayana kazi hapa. Hali yangu si njema. Nimeudhika. Na wewe hujawa mbali bado, uko Mtaa wa Swahili unasukwa nywele, na kwa jinsi yule msusi wako anavyopenda kuongea, ninao muda wa kutosha kuandika haya kabla hujarudi.

Sitaandika habari za chandarua, wala sabuni, wala kwamba usinunue mayai ya stesheni. Mama yako ameyasema hayo tangu Jumatatu, na jana nilimsikia ameanza upya toka mwanzo. Kesho treni inakupeleka Kilosa kwenye kazi yako ya kuhesabu vijidudu vya malaria kwenye damu za watu, na ninalotaka kusema mimi halimo ndani ya begi. Limo kwenye daftari lako la kijani.

Ndiyo, nimelifungua. Kasirika. Uliliacha juu ya meza, ukurasa wa mazoezi yako ya wiki ya mwisho uko wazi, na mimi nina macho. Umeandika: kioo cha damu namba tano, hesabu ya kwanza thelathini na sita, ya pili thelathini na sita, ya tatu thelathini na sita. Kwanza nilifurahi. Nikasema huyu ni damu yangu. Halafu nikaona karatasi pale imechakaa kama goti la suruali ya shule. Nikainua daftari dirishani, na chini ya hizo namba zako nikaona nyingine. Thelathini na moja. Arobaini na mbili. Ulizifuta kwa raba.

Nikakuuliza wakati wa chai, kwa upole, wewe ni shahidi. Nikasema, "Rehema, hivi vioo vya siku hizi vinatoa namba ileile kila ukitazama?"

Ukanijibu unatafuna kitumbua, hata hukunitazama. "Mjomba, si wewe uliyenifundisha? Mtu anayejua kuhesabu hana namba mbili."

Kitumbua kikanikwama mimi, na aliyekuwa anakula ni wewe.

Maana maneno hayo ni yangu. Nimeyasema pale barazani labda mara mia mbili, nimevaa koti, nimekunja mguu. Sikujua kwamba kuna mtu mdogo ameyaokota na kuyaweka mfukoni, na kwamba kesho anayapandisha treni kwenda nayo kwa watu wanaoumwa. Kwa hiyo tangu saa tatu asubuhi nazunguka humu ndani kama mtu aliyepoteza ufunguo, mama yako ananiuliza kaka una nini, namwambia sina kitu. Sasa nakaa chini nikuambie nina nini.

Unajua kwamba nilisoma mpaka darasa la sita, na la saba nililisoma nikiwa nje ya dirisha. Lakini katika ofisi yetu ya mbu hapakuwa na wa kunifikia, hilo silirudishi nyuma. Kazi yetu ilikuwa kuzunguka Kariakoo, Gerezani, mpaka Buguruni. Penye maji yaliyosimama tunachota kwa upawa, tunahesabu viluwiluwi wa mbu waliomo kwenye upawa, tunamwaga, tunachota tena, mara kumi kila shimo, tunaandika. Namba ikiwa kubwa, kesho yake wanakuja watu wa mafuta, wanamwaga mafuta juu ya maji, viluwiluwi wanakosa pumzi. Namba ikiwa sifuri, mafuta yanakwenda kwingine, kwa sababu mafuta yenyewe hayakuwa mengi. Hiyo ndiyo kazi nzima. Mtu mmoja na upawa wake anaamua nani amwagiwe na nani asimwagiwe.

Nilikuwa maarufu. Kule Kivukoni, kwenye mnada wa samaki, waliniita nikahesabu samaki kabla hawajamwagwa chini, kwa kusikiliza tu jinsi kikapu kinavyolia. Na kuna ile siku mgeni mkubwa kutoka nje alikuja ofisini na chandarua kimejaa mbu, akauliza kwa mzaha ni wangapi, nikatazama mara moja nikasema elfu nne mia tatu na kumi na wawili. Wakahesabu kutwa nzima. Elfu nne mia tatu na kumi na wawili. Hadithi hii umeisikia tangu unanyonya. Ikae hapo kwanza, nitairudia.

Kitu kilichokuwa kinanichefua siku zile ni neno "kama" na neno "hivi". Unawajua watu wetu. Wapo wangapi? "Kama ishirini hivi." Ulifika saa ngapi? "Kama saa nne hivi." Nikasema hii nchi tunaijengaje kwa kama-hivi? Nikasimama hata kwenye mkutano wa mjumbe wa nyumba kumi nikasema ndugu wananchi, adui zetu ni watatu tumeshaambiwa, mimi naongeza wa nne, kama-hivi. Nikapigiwa makofi na mtaa mzima. Na watu saba. Unaona nimeyakata kwa mstari mmoja maneno "mtaa mzima", sababu ya mstari utaikuta mbele.

Sasa mkubwa wa chumba cha hesabu alikuwa mwanamke, Dada Salome, unamkumbuka, Mchaga wa Machame, mfupi, miwani imeshikiliwa na uzi mweusi upande mmoja. Mimi kila jioni nampelekea kadi zangu zimenyooka: shimo la kwanza kumi na nne, shimo la pili tisa. Yeye anazirudisha juu ya meza.

"Ndugu Selemani, namba zako umezileta uchi."

"Uchi vipi?"

"Hazina kama, hazina hivi. Namba ya kuchota haitoki nje bila doti yake."

Ofisi nzima ikacheka. Nikambandika jina, Dada Kama-Hivi, nalo likamshika, na nadhani alilijua. Siku moja akachoka. Akaniambia, wewe si unasema mjuzi akichota mara kumi anapata namba moja, haya, Jumamosi njoo dukani kwa kaka yangu. Kaka yake alikuwa na duka la jumla la nafaka Mtaa wa Mkunguni. Tukawekeana: nikishinda mimi, yeye aniite mwalimu mbele ya ofisi yote mwezi mzima. Akishinda yeye, mwezi mzima niandike kama mbele ya kila namba na hivi nyuma yake, kwa herufi kubwa.

Nikaenda na mashahidi. Dada Salome akamimina mchele kwenye karai kubwa, akatupia choroko konzi chache, akakoroga. Akanipa kikombe cha kahawa. "Chota, hesabu choroko, rudisha, koroga, chota tena."

Nikachota. Choroko kumi na sita. Nikawatazama mashahidi. Nikachota tena. Kumi na moja. Nikachota. Ishirini na moja.

"Hukukoroga vizuri," nikamwambia.

"Koroga mwenyewe."

Nikavua koti. Nikakoroga mpaka jasho likaanza kudondokea kwenye mchele wa watu. Nikachota: kumi na nne, kumi na nane, kumi na tano, ishirini na tatu, kumi na tatu, kumi na saba, kumi na mbili. Kaka yake yuko kwenye mizani, hata hakugeuka, akasema, "Selemani, hizo choroko hazijaambiwa wewe ni nani?"

Mpaka leo nikipita ule mtaa sikio linapata moto.

Lakini Dada Salome hakucheka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Akavuta gunia akakaa. Akasema, "Hukukosea kuhesabu. Choroko nazo hazikukosea. Wewe umechota sehemu, hukuchota zote, na sehemu huwa inapungua na kuzidi. Ila kupungua na kuzidi kwake kuna kiasi." Akaniuliza namba gani ukiizidisha kwa yenyewe unapata kumi na sita. Nikasema nne, hilo nilikuwa nalijua. "Basi sema kumi na sita, nne huku, nne huku. Kumi na mbili mpaka ishirini. Mara mbili katika tatu ukweli umo humo. Ukitaka kulala usingizi mzuri, zidisha mara mbili, iwe nane huku na nane huku, hapo utakosea mara moja tu katika ishirini."

Nikarudi kwenye hesabu zangu kumi. Saba ziko ndani ya nne huku na nne huku, na tatu zilizotoka nje ziko ndani ya nane. Nikatamani kulimwaga lile karai barabarani.

"Neno kama ni upande wa chini," akasema, "neno hivi ni upande wa juu. Ni doti moja, kanga ya kujifunga na kanga ya kujitanda. Lakini kanga nataka niione upana wake. Ile kama ishirini hivi ya barazani kwenu haina upana, hata mimi siitaki. Na ukitaka kanga ipungue, chota zaidi. Ukihesabu mia, ni kumi huku na kumi huku. Kumi mbele ya mia si kitu, lakini nne mbele ya kumi na sita ni robo nzima."

Nikaandika kama na hivi mwezi mzima. Kwa herufi kubwa. Nisingekuambia habari hii kwa hiari yangu, lakini hii ndiyo sehemu nyepesi.

Sasa nenda polepole, Rehema, kwa sababu hapa ndipo nilipojiona nimemshinda mwalimu. Siku moja naoga, nikawaza: kumi na sita ina nne huku na huku. Tisa ina tatu. Moja ina moja. Na sifuri? Sifuri ukiizidisha kwa yenyewe ni sifuri. Kwa hiyo sifuri haina huku wala huku. Sifuri ndiyo namba pekee duniani isiyohitaji kama wala hivi. Nilitoka bafuni na povu kichwani kwenda kumwambia mama yako, akaniambia kaka funga taulo.

Sikumuuliza Dada Salome. Nikimuuliza atanipa karai jingine. Darasa la sita lilikuwa limekomea pale, na majivuno yakaendelea yenyewe kwa miguu. Tangu siku ile nikawa mpenzi wa sifuri. Nikipata sifuri nafurahi, kadi inatoka safi haina doti, na nikipata sifuri mbili tatu za mwanzo, za nini nyingine saba?

Wewe ulikuwa darasa la pili. Unakumbuka kiwanja kilichokuwa kushoto kwa nyumba yetu, kabla hakijajengwa ghorofa? Mtu alichimba msingi akaishia hapo, mvua za masika zikaujaza, ukawa bwawa la pembe nne, nanyi mnatupia mashua za karatasi. Zamu yangu ya kupima mtaa wetu ikafika. Siku hiyo nilikuwa na viatu vipya vyeupe, vya ngozi, na ukingo wa ule msingi ulikuwa tope tupu. Nikasimama kwenye tofali moja kavu. Nikachota mara tatu, palepale mkono ulipofika. Hakuna. Nikafuta upawa.

Kwenye kadi nikaandika: michoto kumi, viluwiluwi hakuna, hakika. Hilo neno hakika fomu haikuliomba. Nililiongeza mwenyewe.

Kesho yake watu wa mafuta walifika mpaka mlangoni na madebe yao. Niliwageuza mimi, nikawaambia nendeni Buguruni, kwetu ni safi. Mama yako alikuwa anafagia, akauliza, "Kaka, hapa hawamwagi?" Nikamwambia, "Nimepima mwenyewe." Akaridhika. Kwa nini asiridhike? Kaka yake ndiye fundi wa hesabu wa Kariakoo nzima.

Baada ya wiki kama tatu ukaanza kutetemeka. Siku ya pili ukawa unaongea na watu wasiokuwepo. Ulilala hospitali siku tisa, hizo tisa nazijua moja moja na hazihitaji doti. Ulirudi umekonda, hai, tukachinja kuku. Kisha tukaanza kukugombeza. Tunakuita huitiki. Mama yako akasema homa imempa mtoto kiburi. Nami nikakugombeza, nikakuambia hospitali si mahali pa kwenda kujifunza jeuri. Wiki nzima, mpaka Dada Salome alipokuja kukutazama na mkungu wa ndizi. Akakaa nyuma yako kitandani, akapiga vidole upande wa kulia, ukageuka. Akapiga upande wa kushoto. Ukaendelea kumtazama kuku uani.

Madaktari walisema huenda ni homa, huenda ni dawa yenyewe ya homa. Sikio likaishia hapo. Hayo unayajua, umeambiwa. Usichoambiwa ni kile kilichofuata alipotoka chumbani, maana nilimfuata mpaka nje nikamwambia habari ya viatu vyeupe.

Akaniambia lete upawa. Tukaenda kwenye ule msingi, yeye akavua viatu akaingia kwenye tope mpaka magotini, mwanamke mwenye cheo. Tukachota mara arobaini, pembeni, katikati, kwenye majani. Viluwiluwi ishirini na sita, wale wanaolala juu ya maji kama kijiti, ndio wa malaria, wale wengine wananing'inia kichwa chini.

Nikamwambia, "Lakini nilipata sifuri, na sifuri haina huku wala huku. Ndiyo kanuni yako."

Akavua miwani. "Nani kakwambia kanuni ile inafika mpaka sifuri?"

"Nilifikiri mwenyewe."

"Naona." Akafuta miwani kwa kanga iliyolowa, ikazidi kuchafuka. "Sifuri haina chini, Selemani. Juu inayo. Hata kama kila upawa ungekuwa na wastani wa kiluwiluwi mmoja, bado mara moja katika ishirini ungechota mara tatu ukapata patupu. Na hapo nakuhurumia, kwa sababu hawa hawajitawanyi kama choroko, wanakaa makundi makundi. Humu mna pawa ngapi?"

Nikatazama yale maji. Nikasema kama elfu mbili hivi. Ndiyo, nilisema hivyo, na yeye alisikia, na hakunicheka.

"Basi sifuri yako ilikuwa na nafasi ya viluwiluwi elfu mbili," akasema.

Mimi ni mtu wa kujitetea, unanijua. Nikapata njia. Nikasema, "Hata hivyo hatuna hakika mbu aliyemuuma mtoto alitoka humu. Mbu anaruka. Anaweza kuwa ametoka Gerezani."

"Hatuna hakika," akasema. "Na wala hatutaipata. Lakini wewe usiingie kujificha humo."

Tukarudi ofisini. Nikachukua kadi yangu na raba. Akanishika mkono, na alikuwa na mkono wa kushika. "Kosa halifutwi. Piga mstari mmoja, lisomeke, andika la kweli pembeni, tia sahihi na siku." Nikapiga mstari mmoja juu ya kumi, nikaandika tatu. Nikapiga mstari juu ya hakuna, nikaandika sikuona. Kwenye hakika kalamu ilinigomea, akaisukuma yeye.

Kesho yake mafuta yakamwagwa. Wewe ulikuwa umekaa kizingitini unatazama, umegeuza kichwa vile unavyokigeuza mpaka leo.

Sasa ungedhani mtu wa namna hiyo angenyamaza. Mimi nilizidi kupiga kelele. Mtu mwenye sauti kubwa haulizwi maswali. Mbu wa yule mgeni walikuwa elfu mbili, nikawapandisha wakawa elfu tatu, na baada ya homa yako wakafika elfu nne mia tatu na kumi na wawili, wakakaa hapo. Na siku uliyokuja na daftari lako la hesabu za darasa la tatu, ukakaa upande wangu huu ili sikio lako zuri linielekee, nikakuambia mtu anayejua kuhesabu hana namba mbili. Nilijua si kweli nilipokuwa nakuambia. Hilo ndilo linalonizungusha nyumba nzima leo. Shimo lilikuwa ujinga na viatu. Hili lilikuwa mimi na akili zangu timamu.

Haya, turudi kwenye kioo chako namba tano, maana umeniudhi na sijamaliza.

Thelathini na moja, arobaini na mbili, thelathini na sita. Kila mara ulisogeza kioo ukatazama sehemu nyingine ya damu ileile, sivyo? Basi ulikuwa unachota kwenye karai. Zile namba zilizokutia aibu ndizo zilizokuwa sawasawa. Thelathini na sita ina sita huku na sita huku, na namba zako zote tatu zimo humo, hakuna hata moja iliyotoka nje ya uzio. Tena ungezijumlisha ungepata mia na tisa, na hiyo ina kama kumi na nusu huku na huku. Gawanya kwa tatu, kila kitu: thelathini na sita na kitu, tatu na nusu huku, tatu na nusu huku. Kanga imepungua karibu nusu. Ulikuwa na doti nzuri kuliko zote nilizowahi kumpelekea Dada Salome, ukaisugua kwa raba.

Na nikuambie mtu mwenye macho anaona nini akikuta thelathini na sita mara tatu. Hasemi huyu binti ni hodari. Anasema huyu hakuhesabu mara tatu.

Huko Kilosa utakaa mbele ya hadubini na nyuma ya kila kioo kuna mtu amekaa kwenye benchi anangoja. Utachoka, shingo itauma, mkubwa wako atataka namba moja iliyonyooka kwa sababu ana fomu yenye kisanduku kimoja. Mpe namba, na uiandikie pembeni upana wake, hata kama kisanduku hakina nafasi. Akikuita Binti Kama-Hivi, mwambie kuna aliyekutangulia kwa jina hilo. Na ukitazama kioo usione kijidudu, usiandike hakuna. Andika umetazama sehemu ngapi, kisha andika sikuona. Mimi najua tofauti ya maneno hayo mawili, na wewe umeibeba upande wa kushoto wa kichwa chako miaka kumi bila kuambiwa ni nini. Au labda hukuibeba. Labda mbu alitoka Gerezani. Nimekuandikia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo, sijiingizi humo.

Nimeahidi kurudi kwa wale mbu. Hawakuhesabiwa. Nilitaja namba, mgeni akacheka, akapanda gari lake. Ukinibana sana nitasema kama elfu moja hivi, na upana wake siujui. Samaki wa Kivukoni nilipatia kwa sikio mara moja, na mara nyingine zote nilikosa, zile sikuzisimulia. Darasa la saba dirishani ni kweli. Niachie hilo.

Mama yako nitamwambia mwenyewe, jioni hii, kabla hajapakua. Usiku ukimkuta amenuna anagonga vifuniko vya sufuria, usimuulize sababu, sababu iko mkononi mwako. Barua naiweka ndani ya daftari, ukurasa wa kioo namba tano, na penseli juu yake. Zile namba mbili bado zinasomeka ukiinamisha karatasi kwenye mwanga. Zirudishe. Piga mstari mmoja juu ya zile za uongo, zisomeke, tia sahihi na siku ya leo.

Nakusikia barazani, unawaonyesha nywele. Niko uani.

Kesho stesheni nitasimama upande wako wa kulia kama siku zote. Ukishasoma haya, ukaona afadhali nikae kushoto, sogea tu, hatua moja, nitaelewa. Nitasema niliyopanga kusema hivyohivyo, treni ikipiga honi au isipige, na sitakuuliza umesikia mangapi.

Mjomba wako,
Selemani